Hatua za Kedi

Ukitaka kumkera Kedi, mwambie "kama". Kama mita hamsini, kama kilo mbili, kama saa nne hivi. Alikuwa anasimama palepale, anakukazia macho, anauliza, "Kama ndiyo ngapi?" Na haondoki mpaka umpe namba. Mimi ni mwalimu wa hisabati, nimefundisha sekondari hapa Mpanda mpaka mvi zimeniota, na bado sijapata mwanafunzi aliyenitoa jasho kwa swali fupi namna ile.

Kedi halikuwa jina lake. Jina lake lipo kwenye kitambulisho na kwenye daftari la parokia, lakini mtaani hakuna aliyelitumia, hata mimi silitumii. Kedi ni mtu anayembebea mcheza gofu mfuko wa fimbo, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya miaka yake yote ya nguvu, huko Kaskazini, kwenye uwanja wa majani mafupi ambao sisi wa huku hatujawahi kuukanyaga. Alirudi kwetu akiwa ameshazeeka kidogo, na mfuko mmoja mrefu wa ngozi wenye fimbo nne za chuma. Wiki ya kwanza mama mmoja jirani alimfuata kumwomba amtengenezee bomba.

Siku ya kwanza nilipoingia uani kwake kusalimia, alinifundisha fimbo hizo bila mimi kuomba. Kila moja ina namba chini yake. Namba ikipungua, fimbo ni ndefu zaidi na mpira unafika mbali zaidi. Sita inafika mbali kuliko saba, tano inaipita sita. "Ukishajua hilo, Mwalimu," aliniambia, "umeshajua nusu ya gofu. Nusu nyingine ni kuukubali umbali." Niliitikia kwa adabu, huku nikiwaza mboga niliyoiacha jikoni.

Ua ule naukumbuka kuliko sebule za ndugu zangu. Leo nyumba imepangishwa, mbele kuna duka la vipuri vya pikipiki, na pale alipokuwa anasimama na fimbo yake kuna rundo la matairi. Nikipita huwa natazama upande wa pili.

Alichotufundisha sisi majirani, hata hivyo, si gofu. Ni kutembea. Kedi alikuwa anapima kwa miguu, tena peku. "Kiatu kinaongeza uongo," alisema. Alipoanza kazi, uwanja wao ulikuwa unapimwa kwa yadi, naye akajifunza hatua ya yadi moja kamili. Baadaye vibao vikabadilishwa vikawa vya mita. Wenzake wakaanza kujumlisha na kutoa kichwani, yeye akalaza vijiti chini nyuma ya banda la mashine za kukatia majani na kujifunza upya kutembea, kila asubuhi, mpaka mguu wake ukaacha yadi ukashika mita. Alinisimulia jambo hilo kwa fahari ambayo wengine huwa nayo wakitaja watoto wao.

Mtaa ulipoijua hatua hiyo, basi. Mtu akichimba msingi wa nyumba, anaitwa Kedi. Walimwita mpaka Katumba, ambako ndugu wawili, wakulima wa tumbaku, walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya shamba la baba yao. Alilitembea mara tatu, hakunywa hata maji yao kabla ya kumaliza, mara zote tatu akapata namba ileile. Akasimika vigingi, na wale ndugu wakakubali. Watu wa serikali wana mitambo yao, lakini mitambo hiyo huja mara moja na kuondoka kwa haraka. Kedi alikuja, alivua viatu, na alikuwa hana haraka wala ubia na mtu.

Alikuwa na msemo wake: "Kazi ya kedi ni tatu. Kubeba, kunyamaza, na kusema umbali. Kwenye umbali hakuna heshima." Nilipomuuliza maana yake, alinisimulia habari ya bwana mmoja ambaye yeye alimbebea mfuko miaka mingi. Pale uwanjani palikuwa na shimo moja lenye bwawa mbele yake. Ujanani bwana yule alikuwa analivuka kwa saba. Umri ukapanda, mpira ukaanza kuangukia majini, na kila Jumamosi bwana aliulaumu upepo, akalaumu mpira, akalaumu majani. Makedi wengine walikuwa wakimwitikia, ndiyo bwana, upepo. Siku moja Kedi akamwambia, "Bwana, upepo hakuna. Siku hizi chukua sita." Bwana yule akanyoosha mkono pembeni bila kumtazama, akisubiri kupewa ile sita.

"Akavuka?" niliuliza.

"Akavuka. Hakusema asante. Mwezi mzima hakunisemesha neno lisilo la kazi. Halafu Krismasi akaniletea mbuzi."

Lakini msidhani alikuwa malaika wa ukweli. Umri wake aliuficha kuliko bibi harusi. Aliwaambia vijana wa bodaboda kwamba gofu ni mchezo wa watu wasio na mashamba, kisha unamkuta Jumamosi yuko uani anaosha mipira yake mitatu kwa mswaki. Kanisani alilala kuanzia somo la pili, na bado alidai anajua padri ametumia dakika ngapi. Kutoka mlangoni kwake mpaka mlango wa kanisa alikuwa anahesabu hatua, kila Jumapili, midomo ikicheza. Mwaka nilipohamia nyumba ya jirani naye zilikuwa mia sita na arobaini. Miaka ikapita, siku moja akaniambia ni mia sita na themanini. Baadaye mia saba na kitu.

"Barabara wameipindisha walipochimba mitaro," alisema. "Kanisa linasogea."

Nilicheka. Na mimi, mwalimu wa hisabati, sikujiuliza swali hata moja.

Shuleni nilikuwa pia nasimamia michezo, kwa hiyo kila mwaka Kedi ndiye aliyetupimia uwanja wa mbio. Mita mia moja zilikuwa hatua zake mia moja, tunamwaga majivu, kazi imekwisha. Mwaka mmoja tukapata binti kutoka upande wa Sibwesa aliyekimbia zile mita mia kwa muda ulionifanya niiangalie saa mara mbili. Tukajua tumepata kipaji cha taifa. Mkuu wa shule akatangaza mstarini, tukamnunulia raba. Tulipompeleka kwenye mashindano ya mkoa, akawa wa mwisho kasoro mmoja. Njia nzima ya kurudi alilia, nami nikambembeleza kwamba ni woga tu wa kuona watu wengi. Mungu anisamehe kwa hilo, maana mtoto wa watu hakuwa na woga wowote.

Kisha kikaja kile kimashine.

Kedi alikuwa na binti mmoja, muuguzi, anaishi Dar es Salaam. Mama yake alishafariki, hivyo baba na binti walikuwa na simu yao ya Jumamosi asubuhi. Binti alijua kwamba baba yake anapiga mipira uani na kwamba hana wa kuongea naye habari hiyo. Akabana matumizi, akanunua kifaa cha kupimia mapigo ya gofu, kile cha bei nafuu cha watu kutumia nyumbani, akakituma kwa basi ndani ya boksi la viatu. Kilikuwa cheusi, kinaenea kiganjani, na kinaonyesha namba zake kwenye simu. Unakiweka chini nyuma ya mpira, unapiga, kinakwambia mpira umetoka kwa kasi gani na umefika mita ngapi.

Mwanzoni kilikuwa kichekesho. Kedi alikuwa amefunga wavu mbele yake, wavu chakavu wa kuvulia dagaa alioupata kwa mfanyabiashara wa Karema, na ukipulizwa na upepo ua wote unanuka ziwa. Akipiga, kimashine kinasema mita arobaini. Akipiga tena vilevile, kinasema mia na sitini. Akaniita. Nikakaa na maelezo yake ya Kiingereza jioni nzima, nikamweleza nilichoelewa: kifaa hiki hakiuoni mpira ukitua. Kinauona ukianza tu, kinapima kasi, halafu mengine kinakisia kwa hesabu. Sasa wavu ukiwa puani, hakipati hata huo mwanzo.

"Kwa hiyo kinasema kama," alisema Kedi, akakitazama kwa dharau.

Tukausogeza wavu mpaka ukuta wa choo, tukakiweka kimashine mahali pake, na namba zikatulia. Hapo ndipo matatizo yalipoanza, maana zilitulia chini. Kedi aliamini toka ujana kwamba saba yake ni mita mia na ishirini. Kimashine kilisema tisini na mbili, tisini na nne, tisini na moja. Miezi michache ya kwanza alivumilia. Kila Jumamosi binti alipiga simu, "Shikamoo Baba, leo umepiga ngapi?" naye anamsomea namba kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya deni, halafu wanacheka. Nilikuwa nawasikia kupitia ukuta, na kusema kweli kicheko chao kilinipendeza kuliko redio.

Lakini kiburi kilikuwa kinamla. Akatangaza mtaani kwamba Jumapili baada ya misa atakiumbua kile kimashine hadharani, uwanja wa shule, mpira ukipigwa hewani bila wavu. Tukaenda, watu wa kutosha. Akapiga saba, pigo zuri, mpira ukaanguka kwenye vumbi laini ukajichimbia alama palepale. Simu ikasema tisini na tatu. Kedi akavua viatu, akatembea mpaka kwenye alama akihesabu kwa sauti, na watu wakahesabu naye. Mia na kumi na nane.

Makofi yakalipuka. Mtu akapiga kelele, "Nyie, mashine ya mchina imeumbuka!" Kedi akasimama pale kwenye vumbi na miguu yake mitupu, na sikuwahi kumwona ametabasamu vile. Nami nilipiga makofi. Ila nilipowatazama wale watu wakihesabu, nilikumbuka ghafla binti wa Sibwesa na machozi yake ndani ya basi.

Walipoondoka wote nikabaki, nikisema nakusanya vigingi. Nikaenda stoo nikachukua futi kamba ya shule, ile ya mita thelathini. Nikaipima njia ya mpira, mara tatu na mita saba juu. Tisini na saba. Nikapima tena. Tisini na saba. Kimashine kilikosea kwa mita nne tu, na hata hizo nilikuja kujua sababu yake: kilikuwa kimewekwa hesabu ya hewa ya usawa wa bahari, na Mpanda iko juu, hewa ni nyepesi, mpira unateleza mbali zaidi kidogo. Kilidhani tuko Dar es Salaam. Lakini hatua ya Kedi, ile iliyofundishwa kwa vijiti, haikuwa mita tena. Ilikuwa sentimita themanini na mbili.

Nilikunja futi kamba nikairudisha stoo. Sikumwambia. Nilijiambia ni heshima, mzee wa watu, ana nini kingine? Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake.

Jumamosi iliyofuata nikasikia simu kupitia ukuta. "Mwanangu, umetapeliwa," alisema. "Umeniletea muongo ndani ya nyumba." Sikusikia binti alijibu nini, ila nilimsikia Kedi akisema, "Mimi ndiye nimekosea? Mimi?" Jumamosi nyingine simu haikulia. Wala iliyofuata. Kedi alikaa uani saa ileile, amevaa shati lake la kola, simu juu ya kigoda, na mipira haioshi. Akiniona ananiambia mtandao siku hizi ni mbovu. Ikapita Kwaresima nzima hivyo. Kila Jumamosi niliamka nikiapa kwamba leo nitamwambia, na kila Jumamosi nikapata nguo za kufua.

Mara ya mwisho kukaa naye vizuri ilikuwa Jumamosi moja asubuhi, mvua za masika zikielekea ukingoni. Aliniita. Nikamkuta na lile boksi la viatu, limefungwa kwa kamba ya katani.

"Mwalimu, unaenda mjini?"

"Naenda, Babu."

"Nipitishie hiki stendi. Kondakta akipeleke Dar. Kirudi kwa mwenyewe."

Nikalipokea. Lilikuwa jepesi mno. Nikatoka mpaka getini, na miguu ikagoma. Nilijua kabisa kwamba boksi lile likifika kule, yule binti hatapiga simu tena, na wa kulaumiwa si kimashine wala si Kedi. Nikarudi, nikalishusha juu ya kigoda.

"Babu, hiki hakikudanganya. Jumapili ile nilipima kwa kamba. Ilikuwa tisini na saba. Hatua yako siku hizi ni sentimita themanini na mbili."

Kuku walikuwa wanachakura kwenye matope, na nilitamani mmoja angalau apige kelele.

"Ulijua toka Jumapili ile?" akauliza mwishowe.

"Toka Jumapili ile."

"Mimi toka kanisa liliposogea." Aliitazama miguu yake. "Kanisa halina miguu, Mwalimu. Nilijua. Nilitaka tu mtu mmoja aniambie. Mkanipigia makofi."

Nililia, sioni aibu kusema. Yeye hakunibembeleza. Alisema, "Wewe ni kedi mbaya sana," kisha akanisogezea kigoda nikae. Baada ya muda uso wake ukabadilika. "Na Katumba? Lile shamba la wale ndugu?"

"Lile ni la zamani, Babu, mwaka niliohamia. Kanisa lilikuwa bado mia sita na arobaini."

Akafumba macho, midomo ikacheza. Alikuwa anahesabu miaka. Alipofumbua alikuwa ameridhika, akasema basi twende.

Tulikwenda uwanja wa shule, yeye na fimbo zake, mimi na boksi na futi kamba. Majani yalikuwa yamelowa na hapakuwa na mtu. Upande wa chini mvua ilikuwa imeacha dimbwi pana, na ng'ambo yake kuna jiwe lililopakwa chokaa, la kuegeshea goli. Kedi alisimama, akalitazama jiwe muda mrefu. Zamani angevua viatu.

"Nenda kapime," akasema.

Nikazunguka kandokando ya dimbwi, nikapima upande mkavu, nikarudi na sketi imelowa mpaka magotini.

"Mia na tano."

"Saba?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa inaniomba.

Nilitamani kumwambia ndiyo. Mita nane tu, nani angejua, ungeweza kuulaumu upepo. Nikautazama mti wa bendera, bendera ilikuwa imelala.

"Upepo hakuna, Babu. Sita."

Kedi akanyoosha mkono pembeni, bila kunitazama, nami nikaitoa ile sita mfukoni nikaiweka kwenye kiganja chake.

Mpira ulipaa, ukalivuka dimbwi, ukaanguka kando ya lile jiwe na kutulia. Sikukiangalia kimashine, kilikuwa bado ndani ya boksi. Kedi alifuta fimbo kwa shati lake safi la Jumamosi, akatoa simu, akabonyeza namba asiyohitaji kuitafuta. Ililia mara nyingi. Alipopokelewa hakusalimia, wala hakuomba radhi, wazee wetu hao tunawajua.

"Mwanangu," alisema, "leo nimepiga mia na tano."

Nikaisikia sauti ya binti, ndogo, ikiuliza kwa tahadhari, "Kwa saba, Baba?"

"Hapana," alisema Kedi. "Kwa sita."